Utepe wa Mpangaji

Utepe haukukatika mara ya kwanza. Mkasi wetu wa bandeji ulikuwa butu, umezoea pamba na plasta, na utepe wenyewe ulikuwa wa kitambaa kigumu, tunaushona mara mbili ili paka asiung'oe kwa kucha. Nikawa nautafunatafuna kwa mkasi huku paka ametulia mapajani mwangu, shingo ameinyoosha, ananguruma kwa raha. Alidhani namkuna. Ulipokatika niliuviringa nikautia kwenye mfuko wa koti la kazi, nikapapasa manyoya ya shingoni mpaka alama ikapotea, kisha nikamkumbatia nikafungua mlango nikatoka naye, natabasamu.

Miaka kumi na tisa imepita na tabasamu lile bado nalisikia usoni. Nimefanya mambo mengine ya kuonea haya, nani hajafanya? Lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa napiga mswaki, nikiwa nasubiri maji yachemke, mchana kweupe, bila hodi.

Nyumba ya paka ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mkunga mstaafu, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Mtaa ulimwita Mama Paka, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima, na yeye aliitikia vilevile nyakati zote mbili. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, naye viwili aliwaachia paka aliowaokota mitaani. Chumba cha mbele kilikuwa cha wazima. Cha nyuma kilikuwa cha wale ambao maradhi yao hayaponi, yanatunzwa tu: wa figo, wa sukari, wa pumu, na wale wenye ugonjwa wa damu ambao paka huambukizana kwa mate, kwa kulambana na kulia chombo kimoja. Paka mwenye ugonjwa huo anaweza kuishi miaka, akala, akacheza, akakuchokoza ukiwa na haraka zako. Ila hafai kuachwa achangamane na paka mzima. Hao ndio waliovaa utepe mwekundu, na wavu uliwatenga na wenzao wa chumba hicho.

Utepe ulikuwa na sheria yake. Daktari wa mifugo alipima mara mbili, kwa sababu kipimo cha kwanza wakati mwingine hudanganya. Cha pili kilipelekwa maabara ya mbali, na karatasi ya majibu ililetwa kwetu moja kwa moja, maana Daktari alikuwa mtu wa kuzunguka na pikipiki, ofisi yake ni begi lake. "Utepe haukatwi na mtu," shangazi alizoea kusema. "Unakatwa na karatasi ya pili."

Na kulikuwa na kadi. Kila paka alikuwa na yake, na aliyekuja kumchukua alisomewa kadi yote kwa sauti kabla ya kutia saini, hata kama mwenyewe ni mwalimu wa chuo. Wengine walinuna. Shangazi hakujali. Miaka thelathini aliwasomea akina mama maelekezo ya dawa vivyo hivyo, na alikuwa na sababu yake: "Mtu akisoma mwenyewe anaruka. Akisomewa hana pa kurukia."

Mimi nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kupoteza kazi ya kuuza vitanda. Duka lilifungwa, lakini mdomo nilibaki nao. Nilikuwa na uwezo wa kumuuzia kitanda mtu aliyeingia kuuliza njia. Shangazi alinipa koti la kazi, ndoo na brashi, na ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimewapatia paka kumi na mmoja wa chumba cha mbele watu wa kukaa nao. Kila mmoja alipotoka, shangazi aliandika jina lake kwenye ubao wa ukutani, akanitazama, akasema, "Ahaa." Basi. Hakuna la zaidi.

Wa chumba cha nyuma hakutoka hata mmoja. Daktari, ambaye alipenda utani kuliko chai, kila Jumatano aliniuliza, "Muuza vitanda, wa nyuma wamekushinda?" Nilicheka naye. Lakini lile swali lilinikaa kama mwiba wa samaki.

Mpangaji alikuja mwenyewe. Siku ya mvua aliingia getini, paka wa manjano mwenye sikio lililochanika, akakagua vyumba vyote kimoja kimoja, akachagua kikapu kilichokuwa karibu na friji ya dawa, chumba cha nyuma, akalala. Shangazi alisema huyu ana mwendo wa mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima, na jina likamganda. Kipimo cha kwanza kikasema anao ugonjwa wa damu. Tukamvika utepe. Baada ya wiki kadhaa, siku ya Jumatatu, Daktari akamtoa damu ya kipimo cha pili, tukaituma.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaja mshonaji.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, anashona mapazia, na alikuja na futi yake ya kupimia ingali shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Shangazi alikuwa ametoka. Nilimwamkia, nikamkaribisha, akanieleza shida yake kwa kicheko. Alikuwa na paka wa miaka tisa, anaitwa Mkemwenza.

"Jina gani hilo, mama?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akirudi nyumbani anamsalimia yeye kwanza. Nikamwambia, bwana, hapa umeoa wa pili bila kuniambia." Akapangusa jicho, sijui kwa kicheko au kwa kingine. "Sasa mwenyewe hayupo. Tumebaki wajane wawili. Mwenzangu anashinda kwenye kiti cha mzee, hali vizuri. Nikasema nimtafutie wa kumchokoza."

Nikamwingiza chumba cha mbele. Aliwasalimia paka wote, aliwasifu wote, na hakumtaka hata mmoja. Tulipokuwa tunatoka, chini ya mlango wa chumba cha nyuma kukachomoza mguu wa manjano, unapapasa sakafu. Mshonaji akachuchumaa. Akavua futi shingoni, akateremsha ncha yake mpaka chini ya mlango, mguu ukaidaka. Akavuta. Nao ukavuta. Wakavutana hivyo muda mrefu, mama wa watu amekaa sakafuni kwenye vumbi, anacheka peke yake.

"Huyu ni wa nani?"

"Huyo bado, mama. Anasubiri majibu."

Hilo nililisema, na lilikuwa kweli. Laiti ningeishia hapo.

"Majibu yanakuja lini?"

"Wiki ijayo, pengine."

"Haya," akasema, akijikongoja kusimama. "Basi nitarudi."

Sasa, mtu ambaye hajawahi kuuza vitanda hawezi kujua neno hilo lina uzito gani. Dukani tulifundishwa kwamba mteja akivuka kizingiti na neno "nitarudi", kitanda kimebaki. Harudi. Anakwenda nyumbani, analala kwenye kitanda chake kibovu, anakizoea tena. Kazi yote ya muuzaji ni kuhakikisha neno hilo halifiki mlangoni. Mshonaji alikuwa amebakiza hatua tatu kuufikia mlango, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ngoja kidogo mama, niangalie. Huenda yameshakuja."

Nikaingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikatafuta mkasi.

Siku hiyo nilijiambia mengi. Kwamba kipimo cha kwanza hudanganya, Daktari mwenyewe kasema. Kwamba paka huyu anakula, anaruka, ana macho maangavu, ugonjwa uko wapi? Kwamba wiki ijayo karatasi itakuja safi, na mimi nitakuwa nimewahi tu. Nilikopa ukweli wa wiki ijayo nikautumia Alhamisi.

Nilimsomea kadi. Utaratibu ni utaratibu. Nilisoma kwa sauti nzuri, kituo kwa kituo: jina, umri wa kukisia, meno, sikio. Nilipofika kwenye vipimo nikasoma, "Kipimo cha kwanza, kina wasiwasi. Kipimo cha pili, safi." Mstari wa kipimo cha pili ulikuwa mtupu. Nilisoma kutoka kwenye mstari mtupu, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Mshonaji akatia saini. Alipoondoka na kikapu, nikachukua kalamu nikaandika pale: safi.

Shangazi aliporudi alitazama kikapu cha karibu na friji, akanitazama mimi.

"Karatasi ya pili ilikuja?"

"Ilikuja. Safi. Nimeshaandika kwenye kadi."

Akaenda kwenye ubao, akaandika Mpangaji, akarudisha chaki mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniwekea mkono begani akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Nilifurahi. Sitaki kudanganya hapa pia. Nilifurahi sana.

Karatasi ilikuja Jumatatu. Shangazi alikuwa uani anaanika taulo, mimi ndiye niliyeipokea getini. Nikaifungua nimesimama. Ilisema yale yale ya kipimo cha kwanza, kwa herufi zilizokolea.

Kwa mshonaji ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Siku nne tu zilikuwa zimepita, na paka wageni kwa wageni hawaanzi kulambana siku nne, kwanza hutukanana. Ningechukua kikapu nikaenda, nikasema mama, nimekosea, unirudishie. Ningetukanwa, ningelia, jioni ningekula. Niliyapima hayo yote nikiwa nimesimama pale, kwa hiyo hakuna anayeweza kunitetea kwamba sikujua. Halafu nikakumbuka ule mkono begani. Nikaingia ndani, nikainua karatasi iliyotandikwa kwenye droo ya bandeji, nikaweka majibu chini yake, na utepe juu ya majibu, nikalaza tandiko vizuri. Jumatano Daktari alipouliza, nikamjibu safi. Akapiga makofi. "Muuza vitanda!"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekua nikiisikia methali hiyo na siku zote nilidhani inamhusu mgonjwa.

Baada ya wiki tatu mshonaji alirudi, amebeba furushi. Alikuwa ameona siku ile, nilipofungua mlango kutoka na Mpangaji, kwamba dirisha la chumba cha nyuma linapigwa na jua la mchana, na paka wote wamejikunyata upande mmoja. Alikuwa amelipima kwa macho. Akafungua furushi, kulikuwa na mapazia mawili ya kijani, mazito, yenye pindo pana, na ndani ya pindo alikuwa ameshonea vipande vya madini ya risasi, vya kutia uzito, ili paka wasiyapeperushe. Shangazi alishika kitambaa kwa vidole viwili, akaupima uzito wa pindo kiganjani.

"Ni ya shukrani," mshonaji akasema, ananitazama mimi. "Mkemwenza sasa anakula mpaka anaomba nyongeza. Wanalala kikapu kimoja. Wanalambana masikio, mwanangu, ungewaona!"

"Wanapendana," nikasema. Nikapanda kiti nikatundika mapazia.

Miezi saba baadaye Mkemwenza aliacha kula. Daktari alimkuta amekonda, fizi nyeupe. Akampima, akampima na Mpangaji, wote wawili wakaonekana wanao. Alikuja kwetu siku hiyohiyo, bila utani.

"Mpangaji si alikuwa safi?"

"Alikuwa safi," nikasema, na nikamwonyesha kadi. Mwandiko wangu mwenyewe ulinitetea.

Akakuna kidevu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alirudi kwa mshonaji akamuuliza kama paka wengine huingia mle ndani. Mama akafikiri, akasema ndiyo, liko dume moja la mtaani, huwa linaruka dirishani kutoka paa la jirani, kwa sababu yeye dirisha huliacha wazi; pasi inatia joto, hapumui. Daktari akasema, "Huenda basi ndilo lililoleta." Huenda. Kwake Daktari lilikuwa neno la kuaga tu. Mama wa watu akalichukua kama hukumu.

Mkemwenza alikufa kwenye kiti cha mzee. Siku ya tatu, mshonaji alikuja kwetu na kikapu.

Tulikuwa sote wawili, shangazi na mimi, tunakunja taulo. Hakutaka kukaa. Aliweka kikapu mezani, Mpangaji akiwa ndani amejikunja, akasimama mbele yetu na mikono imekutana tumboni.

"Nimekuja kuwaomba radhi," akasema.

"Radhi ya nini tena?" shangazi akauliza.

"Mlinipa paka mzima. Mlimpima, mkamsubiri mpaka akawa safi, mkanisomea na kadi. Mimi nikamtia ugonjwa kwa uzembe wa dirisha. Wangu nimemuua, na wenu nimemharibu." Akavuta pumzi. "Mimi sifai kulea kiumbe. Mchukueni, nisije nikamaliza na huyu."

Shangazi alimshika mikono. Alimwambia maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema kwa mtu, maneno ya wodini, ya mama aliyepoteza. Kwamba dirisha kila mtu anafungua. Kwamba ugonjwa hauna adabu, unaingia kwa kila mtu. Mshonaji alitikisa kichwa tu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, nisamehe. Ulinichagulia vizuri."

Watu husema natamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi sikuitamani. Ningemezwa, ningekuwa nimepata pa kujificha, na sikustahili hata hilo. Nilinyoosha mkono nikapokea kikapu. Mshikio wake ulikuwa na joto la kiganja chake. Nikasema, "Usijali, mama." Ndivyo nilivyosema.

Nikampeleka Mpangaji chumba cha nyuma, akalala chini ya mapazia, uso ukutani. Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakula. Ya tatu shangazi aliniita. "Nenda kwa yule mama, muulize alikuwa anampa chakula gani. Nenda sasa."

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya kwanza. Nilipofika ngazini tu nilisikia joto. Mlango ulikuwa wazi, na ndani alikuwa mwenyewe, anapiga pasi shuka refu la kitambaa kizito, jasho linamtiririka mpaka kwenye futi shingoni. Cherehani ilikuwa pale, kiti cha mzee kilikuwa pale, kitupu. Dirisha lilikuwa limepigiwa mbao mbili, misumari juu na chini, mingine imepinda, imepigwa na mtu asiyejua kushika nyundo. Mvuke wa pasi ulipanda ukarudi chini, hauna pa kutokea.

"Karibu mwanangu. Samahani, humu kama tanuri. Lakini bora hivi."

Nilikuja kuuliza chakula. Nikafungua mdomo, ule mdomo uliouza vitanda, na kwa mara ya kwanza maishani haukunipa neno la kupamba.

"Mama, siyo dirisha."

Akanyanyua pasi.

"Siyo dirisha. Mpangaji alikuja kwako anao ugonjwa. Majibu yalikuwa bado siku ile. Mimi ndiye niliyekata utepe."

Aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akauzungusha taratibu kwenye mshikio. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani, siyo kile cha mzee.

"Majibu yalipokuja ulijua?"

"Nilijua."

"Yalikuja lini?"

"Jumatatu yake. Siku nne."

Akahesabu kwa vidole, midomo inatikisika. "Siku nilipoleta mapazia?"

"Nilijua."

"Na juzi? Nilipokuja pale kwenu, nikasimama..."

"Nilijua, mama."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliitazama mikono yake, kisha mbao za dirishani, kisha mikono tena.

"Karatasi hiyo ipo?"

"Ipo. Kwenye droo, chini ya tandiko."

"Kailete. Na paka wangu umlete."

Nilipofika nyumbani nilimkuta shangazi anaosha vyombo vya paka. Nilimwambia palepale, nimesimama, kabla sijapata nafasi ya kupanga. Alizima bomba. Nilisubiri anifukuze, na nadhani ningeshukuru.

"Nilimshika mikono yule mwanamke," akasema. "Nikamfariji kwa uongo wako." Akajifuta viganja kwenye kanga, kidole kwa kidole. Kisha akaenda kwenye ubao, akafuta jina la Mpangaji kwa mkono, akaandika tena, palepale, kwa mwandiko wake mwenyewe, na pembeni yake akaandika ugonjwa wake. "Kadi usiziguse tena mpaka nikwambie. Mchukue umpeleke."

Niliporudi kwa mshonaji, dirisha lilikuwa wazi. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na misumari imewekwa kwenye kisahani, iliyonyooka na iliyopinda. Koleo lilikuwa bado kwenye mkono wake. Upepo ulikuwa unageuza vipande vya vitambaa sakafuni, na Mpangaji, nilipofungua kikapu, alitoka akavinusa kimoja kimoja, akakagua chumba chote, akaenda akakaa chini ya kiti cha mzee.

Nikampa karatasi. Aliisoma mara moja, akaikunja. Nikampa utepe. Huo aliutazama zaidi, akaupitishia kidole pale ulipokatwa.

"Mkasi butu," akasema.

Akachukua sindano, akatia uzi mwekundu, akamweka Mpangaji mapajani. Alimvika utepe akaushona ukiwa shingoni mwake, mishono midogo, kidole kimoja ndani ili asimchome, na paka akanguruma kwa raha vilevile alivyonguruma kwangu. Akakata uzi kwa meno.

Nilijua ni wakati wa kuondoka lakini miguu haikutaka. Nikasema, "Mapazia nitayatundua, mama. Nitakurudishia."

"Mapazia niliwashonea paka," akasema, bila kuinua uso. "Sikukushonea wewe."

"Nisamehe."

"Hilo sijui bado. Funga mlango ukitoka, asije akashuka ngazi."

Mpangaji aliishi naye miaka miwili na miezi minne, peke yao, dirisha wazi na wavu juu yake. Habari hizo nilizipata kwa Daktari, ambaye hakuniita tena muuza vitanda. Aliniita dada, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko utani. Miaka hiyo miwili nilisugua sakafu, nikatoa dawa, nikafua. Mapazia ya kijani nilikuwa nayafua kwa mkono, kila mara yalipochafuka, kwa sababu ya ile risasi kwenye pindo. Watu walipokuja kuchukua paka, nilikwenda uani.

Halafu asubuhi moja geti likagongwa, na alikuwa ni yeye, na futi shingoni. Nywele zilikuwa zimezidi mvi. Shangazi alikuwa kitandani na mguu uliovimba, kwa hiyo niliyefungua ni mimi. Nilimwamkia. Akaitikia.

"Mpangaji amekwenda," akasema. "Alikwenda vizuri, usingizini. Nimekuja kuchukua mwingine. Wa nyuma."

Nikampeleka. Alikaa sakafuni chini ya mapazia yake, akashika pindo, akaligeuza kuangalia mishono kama bado inashika, akaliachia. Paka watano walimzunguka. Alimchagua jike jeusi, jembamba, lenye utepe mwekundu, ambalo halikumpendeza mtu yeyote.

Nikaenda chumbani kwa shangazi kumwambia aje, nitamshika mkono. Alikuwa ameshasikia sauti. Akaingiza mkono chini ya mto akatoa ufunguo wa sanduku la kadi, akanipa.

"Msomee wewe."

Tukakaa mezani, mshonaji upande huu, mimi upande ule, kikapu katikati yetu. Nikafungua kadi. Nikasoma jina, umri wa kukisia, meno, jicho la kushoto linalotoa machozi. Nikasoma kipimo cha kwanza na tarehe yake: anao. Nikasoma kipimo cha pili na tarehe yake: anao. Nikasoma dawa, na kwamba asiishi na paka mwingine, na kwamba siku moja, hatujui lini, ataanza kukonda. Nikafika mwisho. Nikamsogezea kalamu.

Hakuichukua. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza cherehani ili ajue wapi inagoma.

"Soma tena," akasema.

Nikarudi juu kabisa, kwenye jina.